Illmatic: Jina la Mmoja, Kazi ya Wengi

Tarehe 19 Aprili 1994 kampuni ya Columbia iliingiza sokoni albamu ya kwanza ya kijana wa miaka 20 aliyejiita Nas. Ilikuwa na nyimbo tisa na utangulizi mfupi, na ukizisikiliza zote mfululizo hazifikishi dakika 40. CD ya siku zile ilibeba dakika 74, na wasanii wengi wa rap waliijaza kwa nyimbo 15 au 20, katikati wakichomeka vichekesho na salamu kwa washikaji. Kijana huyu aliacha karibu nusu ya nafasi aliyopewa.

Albamu hiyo, Illmatic, imekwisha kuandikiwa vitabu, imetengenezewa filamu na imeingizwa kwenye hifadhi ya taifa ya Marekani. Inaposimuliwa, huwa ni habari ya mtoto mmoja mwenye kipaji aliyetokea mtaa wa shida akaushangaza ulimwengu. Kipaji kilikuwepo, tena kikubwa. Lakini ukifuatilia jinsi ilivyotengenezwa, kila hatua unamkuta mtu mwingine aliyekwisha kuijua kazi kabla ya Nas, ambaye alimpa kijana huyu kitu ambacho angeweza kujiwekea mwenyewe. Wenye kampuni za muziki waliitazama albamu hiyo, wakaiga sehemu iliyo rahisi kuigwa, na ile ngumu wakaiacha.

Mtaa chini ya daraja

Mtaa wenyewe, Queensbridge, ulifunguliwa mwaka 1939 upande wa Queens, jijini New York, kando ya Mto East, chini ya daraja la Queensboro linalovuka kwenda Manhattan. Ni majengo ya ghorofa sita yaliyopangana kwa safu, yenye nyumba zaidi ya 3,000, na hutajwa kuwa mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba za umma Amerika ya Kaskazini. Serikali ilijenga kwa kubana matumizi hata kwenye lifti: zilisimama ghorofa moja, zikaruka inayofuata, na aliyeishi iliyorukwa alimalizia safari yake kwa ngazi. Miaka ya 1980 kokeini ya kuvuta iliingia mtaani, na bunduki zikafuata nyuma yake.

Miaka hiyo hiyo mtaa ulikuwa na studio. Marley Marl, DJ na mtayarishaji wa muziki, alirekodi nyumbani Queensbridge, na mwaka 1984 msichana wa miaka 14 wa mtaani hapo, Roxanne Shanté, alichana mbele ya vifaa vyake wimbo wa "Roxanne's Revenge" uliotikisa redio za New York. Kundi lililomzunguka Marley, Juice Crew, likawa miongoni mwa makundi makubwa ya enzi hiyo. Mwaka 1986 mwenzao MC Shan akatoa "The Bridge", wimbo wa kuusifu mtaa wake. KRS-One na kundi lake la Boogie Down Productions kutoka Bronx waliusikia kama madai kwamba hip hop ilianzia Queensbridge, wakajibu mara mbili. Jibu la pili, "The Bridge Is Over" la mwaka 1987, liliwaacha watu wa Queensbridge wakichekwa jiji zima.

Nasir Jones, ambaye baadaye angejiita Nas, alikuwa na miaka 13. Alizaliwa Brooklyn tarehe 14 Septemba 1973, familia ikahamia Queensbridge akiwa mdogo. Baba yake, Olu Dara, alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi aliyetoka Natchez, Mississippi. Mama yake, Fannie Ann Jones, alifanya kazi posta. Nyumba yao ilikuwa na vitabu na ala za muziki, na mtoto alilishika tarumbeta mapema. Wazazi walitengana, na Nasir akaacha shule darasa la nane. Hakuacha kusoma: alivisoma vitabu vilivyokuwa nyumbani.

Ghorofa ya juu yao aliishi rafiki yake, Willie Graham, ambaye mtaa ulimwita Ill Will. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine za DJ na santuri. Wawili hao walifanya mazoezi pamoja, mmoja akizungusha, mwingine akiandika. Ndoto ilikuwa ya wote wawili: kuuokoa mtaa na aibu ya mwaka 1987. Watoto wa Queensbridge hawakuijua hip hop kama kitu cha kwenye redio tu. Walipishana na wasanii wake kwenye ngazi, walijua inarekodiwa nyumba ya nani, na walijua pia inavyouma kushindwa hadharani.

Muda wa studio uliolipiwa na wengine

Mtu wa kwanza kumfungulia mlango alikuwa kijana mwenzake. Paul Mitchell, aliyejulikana kama Large Professor, alitoka Flushing, hapo hapo Queens. Kazi aliifundishwa na Paul C, fundi wa sauti mwenye sifa kubwa ambaye aliuawa mwaka 1989. Mwanafunzi akajikuta anashika mashine katika kazi za wakubwa: Eric B. na Rakim, na Kool G Rap. Muda wa studio ulikuwa ghali, na kampuni ndiyo iliyoulipia. Ikitokea Rakim hajafika, saa zinahesabiwa vilevile na chumba kiko wazi. Large Professor alimwingiza Nas katika saa hizo. Demo za mwanzo za kijana ambaye hakuwa na mkataba wala senti zilirekodiwa kwa muda uliolipiwa kwa ajili ya mchanaji aliyeheshimiwa kuliko wote.

Mwaka 1991 kundi la Large Professor, Main Source, lilitoa albamu ya "Breaking Atoms". Ndani yake kuna wimbo wa vijana kadhaa wanaopokezana kipaza sauti, "Live at the Barbeque". Kwa kawaida mgeni asiyejulikana huwekwa mwishoni, msikilizaji akiwa amekwisha kuchoka. Large Professor alimweka Nas wa kwanza. Kijana wa miaka 17 alifungua kwa mistari ya kufuru na ubabe iliyopangwa makusudi imshtue anayesikiliza, lakini kilichowashika wachanaji wenzake kilikuwa namna vina vilivyofumwa, vya ndani kwa vya nje, pumzi moja ikibeba mawazo matatu. Kwa dakika moja hiyo jina lilisambaa mjini.

Mkataba haukuja. Tarehe 23 Mei 1992 Ill Will aliuawa kwa risasi mtaani Queensbridge, na usiku huo huo mdogo wake Nas, Jabari, anayeitwa Jungle, naye akapigwa risasi, akapona. Nas amesema mara nyingi kwamba kifo hicho ndicho kilichomsukuma aache kusitasita. Jina la rafiki yake alilitaja kwenye albamu, na baadaye akaipa lebo yake jina hilo.

Wa pili kumshika mkono alikuwa MC Serch, mchanaji wa Kizungu aliyetoka kundi la 3rd Bass. Mwaka 1992 alimpa Nas nafasi kwenye wimbo wake "Back to the Grill", akagundua kwamba kijana aliyezungumzwa jiji zima hana meneja wala kampuni, akalibeba jukumu. Kwanza alikwenda kampuni ya Def Jam kwa Russell Simmons. Simmons akakataa: kijana alimkumbusha Kool G Rap, na G Rap, pamoja na heshima yote, hakuwa anauza. Kisha Serch akaingia Columbia, ambako Faith Newman alikuwa tayari anamtafuta Nas bila kujua aanzie wapi. Hapo hakukuwa na haja ya kubembeleza. Wimbo wa kwanza, "Halftime", uliotengenezwa na Large Professor, ulitoka mwaka huo huo kwenye muziki wa filamu ya "Zebrahead".

Sekunde kumi za kumbukumbu

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kuitazama mashine yenyewe. Watayarishaji wa New York wa wakati ule walifanya kazi kwa kunyofoa vipande vya santuri za zamani, za jazi na soul, na kuvipanga upya juu ya ngoma. Chombo kilichopendwa na wengi, SP-1200, kilihifadhi sauti ya sekunde kumi hivi kwa jumla, basi. Mtu alipaswa kusikiliza santuri nzima, achague besi ya sekunde mbili, kinanda cha sekunde moja na nusu, ngoma moja moja, na avifanye vifanane na kitu kilichozaliwa pamoja. DJ Premier, mmoja wa watayarishaji wa Illmatic, alitumia mashine nyingine, MPC60, lakini nidhamu ilikuwa ile ile. Ubahili wa mashine uliwazoesha kutafuta kipande kidogo kinachoweza kurudiwa mara mia bila kuchosha.

Sheria nayo ilikuwa imebana. Mwishoni mwa 1991 mahakama ya New York iliamua kesi dhidi ya Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na kuagiza albamu yake iondolewe sokoni. Tangu hapo kila kipande kilihitaji ruhusa na malipo. Zile albamu za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilizorundika vipande kumi au ishirini katika wimbo mmoja zikawa hazitengenezeki tena, na anayechagua kipande kimoja na kukitendea haki ndiye aliyebaki na njia.

Kwa desturi ya wakati huo, albamu ilikuwa na mtayarishaji mmoja au timu moja. Gang Starr walikuwa na Premier, Pete Rock alikuwa na CL Smooth, Q-Tip na wenzake wa A Tribe Called Quest walijitengenezea. Kila nyumba ilikuwa na sauti yake, na midundo mizuri ilibaki nyumbani. Nas na Serch walifanya jambo lisilo la kawaida: waliwaendea watayarishaji wa nyumba mbalimbali, na hao wakakubali kutoa akiba yao kwa kijana asiye na albamu hata moja.

Large Professor alitengeneza nyimbo tatu, mmojawapo "It Ain't Hard to Tell", uliojengwa juu ya kipande cha "Human Nature" ya Michael Jackson na uliotokana na demo ya zamani ya Nas. DJ Premier alitengeneza tatu pia katika studio ya D&D, Manhattan. Amesimulia kwamba baada ya kusikia kazi za wenzake alijua hawezi kuleta kitu cha kawaida. Kwa "N.Y. State of Mind" alichukua kinanda kizito cha Joe Chambers, noti chache zinazozunguka kama mtu anayerandaranda gizani. Nas aliingia chumba cha kurekodia bila kuwa na uhakika. Kabla ya mstari wa kwanza anasikika akikiri hajui pa kuanzia. Halafu akaanza, na ubeti wote, mrefu kuliko kawaida, ukatoka kwa mkupuo mmoja. Kwa kauli ya Premier, alipomaliza aliuliza kama imesikika vizuri, wakati walio upande wa pili wa kioo wamebaki wakitazamana.

Pete Rock aliwapokea kwenye chumba chake cha chini ya nyumba huko Mount Vernon, nje kidogo ya jiji. Large Professor ndiye aliyempeleka Nas. Mdundo wa "The World Is Yours" ulitoka kwenye kinanda cha Ahmad Jamal cha mwaka 1970, na Pete Rock akaimba kiitikio yeye mwenyewe. L.E.S., DJ wa Queensbridge asiyejulikana nje ya mtaa, akapewa wimbo mmoja katikati ya majina hayo makubwa, "Life's a Bitch". Humo ndimo alimo mgeni pekee anayechana kwenye albamu yote, AZ kutoka Brooklyn, ambaye wakati huo hakuwa na mkataba. Ubeti wake ulimpatia. Mwishoni mwa wimbo linaingia tarumbeta la Olu Dara. Maneno ya wimbo ni ya vijana wawili wanaokubali kwamba huenda hawatazeeka, kisha baba anapuliza taratibu, bila kuwajibu.

Wa tano alikuwa Q-Tip, na mdundo wake ulileta ndani ya Illmatic sauti ambayo msikilizaji wa Afrika huitambua mara moja. Katika "One Love" alitumia kipande cha Heath Brothers cha miaka ya 1970 ambamo Stanley Cowell anapiga mbira, ile ala ya vidole ya Zimbabwe, ndugu ya ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Juu ya mlio huo Nas aliandika barua. Ubeti wa kwanza na wa pili ni nyaraka kwa marafiki waliofungwa: mtoto wako amezaliwa, fulani anazungumza na maadui, mama yako anasikitika, vumilia. Ubeti wa tatu unamkuta mwandishi uraiani, amekaa kwenye benchi na mtoto wa miaka 12 anayejiona mkubwa kwa sababu anauza dawa za kulevya. Waswahili waliokuwa wakipelekeana mashairi kwa waraka tangu enzi za mshairi Muyaka wanaijua mbinu hii vizuri: ukimwandikia mtu mmoja aliye mbali, walio karibu wanasikiliza kwa makini zaidi kuliko ukiwahutubia wao.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya Nas na wenzake wa 1994. Wengi walichana kama watuhumiwa wanaojisifu au kama mahakimu wanaolaani. Yeye alijiweka dirishani. Anaona, anahesabu, anataja majina ya mitaa na ya waliokufa, na mara chache tu anatoa hukumu. Nyimbo tisa zinakaa ndani ya mtaa mmoja, na msikilizaji aliye mbali sana na New York anatoka akijua vijana wanakaa wapi, nani amerudi kutoka jela na kwa nini lifti haiaminiki. Sauti tano tofauti za watayarishaji hazikuivuruga albamu kwa sababu jicho lilikuwa moja.

Hata kava lilisema hivyo: picha ya Nas akiwa na miaka saba, iliyopigwa na baba yake, imewekwa juu ya picha ya mtaa iliyopigwa na Danny Clinch, mpaka majengo yanaonekana kupita usoni pa mtoto. Utangulizi nao unatumia maneno ya filamu ya "Wild Style" ya 1983 na, kwa mbali, ule ubeti wa "Live at the Barbeque". Kijana anaingia akiwa amewataja waliomtangulia.

Gereji ya kanda bandia

Nakala za kazi hii zilivuja kabla haijatoka. Kanda zake zilinakiliwa na kuuzwa mitaani New York, na MC Serch amesimulia kwamba aligundua gereji yenye nakala bandia 60,000. Kwa hesabu ya biashara hilo lilikuwa balaa. Lakini wizi huo ulionyesha pia kiu iliyokuwepo, na kiu ilikuwa na sababu yake.

Tangu Dr. Dre atoe "The Chronic" Desemba 1992, soko la rap lilikuwa limehamia California. "Doggystyle" ya Snoop Doggy Dogg, Novemba 1993, iliuza nakala zaidi ya 800,000 wiki ya kwanza. New York, mji uliojiona mama wa hip hop, uligeuka mtazamaji. Novemba hiyo hiyo, siku moja, zilitoka albamu za Wu-Tang Clan na A Tribe Called Quest, na watu wa mashariki wakaanza kuinua kichwa. Illmatic ilisubiriwa na mji uliotaka kuthibitisha jambo.

Gazeti la The Source, lililoanzishwa mwaka 1988 na wanafunzi wawili wa Harvard, David Mays na Jon Shecter, ndilo lililokuwa na neno la mwisho kwa wapenzi wa rap. Alama zake zilikuwa vipaza sauti, vitano vikiwa ukomo, na wakubwa wa gazeti walikuwa wameshika mkono kwa muda: hakuna albamu mpya inayopata vitano. Shecter aliipata Illmatic miezi minane kabla haijatoka na akaipigia debe ofisini. Uhakiki ukaandikwa na Minya Oh, mwandishi kijana aliyetumia jina la Shortie, na alama zikatoka tano. Kelele zikawa kubwa. Kwa albamu ya kwanza ya msanii asiye na historia, wengine waliona ni upendeleo wa New York kwa mtoto wake. Los Angeles Times halikushawishika, na wapo waliouliza inakuwaje albamu fupi namna ile iitwe kamili.

Sokoni, Illmatic iliingia nafasi ya 12 kwenye chati ya Billboard na kuuza takriban nakala 60,000 wiki ya kwanza. Ukilinganisha na Snoop, hiyo ilikuwa chenji. Nyimbo zilizotolewa moja moja hazikupanda juu kwenye redio. Nakala 500,000 za cheti cha dhahabu zilitimia Januari 1996, karibu miaka miwili baadaye, na milioni moja ikathibitishwa Desemba 2001.

Mzigo wa kuanza vizuri

Nas alizisoma takwimu hizo. Alibadilisha meneja, akajiunga na Steve Stoute, na mwaka 1996 akatoa "It Was Written", kazi kubwa ya timu ya Trackmasters, iliyong'arishwa kwa redio. Ilifika nafasi ya kwanza na kuuza kuliko Illmatic. Wapenzi wa zamani wakamwita msaliti. Miaka iliyofuata kila albamu aliyotoa ilipimwa kwa ile ya kwanza, na mizani haikuwahi kumpendelea. Mwaka 2001 Jay-Z, mtu ambaye mwaka 1996 alikuwa amechukua sauti ya Nas kutoka "The World Is Yours" na kuitumia katika wimbo wake, alimshambulia hadharani kwa hoja hiyo hiyo: mwanzo mmoja mzuri, kisha hakuna. Nas alijibu Desemba mwaka huo kwa albamu aliyoiita "Stillmatic". Hata alipojitetea, ilibidi aazime jina la ujana wake.

Heshima rasmi zilikuja taratibu. Mwaka 2010 Michael Eric Dyson na Sohail Daulatzai walihariri kitabu kizima cha wasomi wakiuchambua wimbo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2013 Harvard ilianzisha ufadhili wa utafiti wa hip hop wenye jina la Nasir Jones, mtu aliyeacha shule darasa la nane. Machi 2014, miaka 20 baada ya albamu, aliichana pamoja na orkestra ya taifa kwenye ukumbi wa Kennedy Center, Washington. Machi 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa daima.

Filamu ya "Time Is Illmatic", iliyoonyeshwa mara ya kwanza Aprili 2014 kwenye tamasha la Tribeca, inatia doa la haki kwenye sherehe hizo. Jungle anaitazama picha ya vijana wa Queensbridge ya enzi za albamu na kuwapitia mmoja mmoja: huyu yuko jela, huyu kafungwa miaka mingi, huyu kesi yake bado. Mafanikio ya mmoja hayakuugeuza mtaa. Aliyetoka alitoka na habari zao, wao wakabaki.

Walichokiiga na walichokiacha

Baada ya 1994 desturi ya albamu ya rap ilibadilika. Ile ya mtayarishaji mmoja na sauti moja ikaanza kupungua, na kampuni zikaanza kununua midundo kwa yeyote anayevuma: mmoja wa kupatia wimbo wa klabu, mwingine wa redio, wa tatu wa mapenzi. Illmatic ikatajwa kama kielelezo kwamba inawezekana. Matokeo yakawa albamu ndefu zenye majina makubwa kwenye kila wimbo na zisizo na mwenyewe. Tangu wakati huo wahakiki wamekuwa wakiilaumu desturi hiyo, wakisahau kwamba mfano wake wa kwanza ndio ule wanaousifu.

Tofauti ilikuwa kwenye namna watu wale walivyokusanyika. Watayarishaji wa Illmatic walifahamiana, walisikia kazi za wenzao na kuzionea wivu, na kila mmoja alijaribu asiwe dhaifu katika mkusanyiko. Aliyemleta Nas kwa Pete Rock alikuwa Large Professor, mtayarishaji mwenyewe. Angeweza kumzuia kijana abaki kwake. Serch alipokataliwa na Def Jam hakukunja jamvi. Paul C hakuishi kuiona kazi ya mwanafunzi wake, na Ill Will hakuisikia hata "Halftime". Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole navyo vinataka mkono wa kuvishika, na mkono huo ulikuwa nidhamu ya kijana aliyejua anachotaka kusema na aliyenyamaza alipomaliza kukisema.

Nidhamu hiyo haikuuzwa pamoja na midundo. Kampuni iliyotaka Illmatic yake ingeweza kuwalipa Premier, Pete Rock na Q-Tip kwa siku moja. Haikuweza kununua miaka ya kusikiliza kupitia sakafu ya jirani, wala ujasiri wa kuacha dakika 34 za CD bila kitu.